Aliguna Vipi?

Mjomba alirudi na neno moja tu.

"Aliguna."

Seremala akaiweka randa chini. Tangu asubuhi alikuwa anauranda ubao uleule mpaka umekaribia kuwa karatasi, akisubiri jibu la mpiga chapa: anamruhusu kumwoa binti yake, au hamruhusu?

"Aliguna vipi, mjomba?"

"Kuguna kuna vipi? Mtu anaguna, basi."

"Sauti ilipanda au ilishuka?"

"Ilikaa palepale katikati," mjomba akasema, akijifuta jasho.

Nyumbani mama alitoa hukumu papo hapo. "Anayeguna hajaridhika."

"Mbona baba alikuwa anaguna akila?" dada yake akadakia. "Na sahani inarudi nyeupe."

Kichwa kikamzunguka seremala. Neno gani hili, linakataa na kukubali kwa mdomo mmoja? Hata nguruwe anaguna. Afadhali angetukanwa, tusi angalau lina maana moja.

Kesho yake akajikaza, akaenda mwenyewe kwenye chumba cha uchapaji. Mzee alikuwa anafuta wino kwenye mashine. Binti alikuwa mezani anakunja karatasi, hakuinua macho.

"Shikamoo, mzee. Mjomba ameniambia kwamba jana uliguna."

"Niligunaje? Mimi niliitikia."

Seremala akapiga hatua mbele. "Kumbe ombi umelikubali?"

"Ombi gani? Mjomba wako alisimama pale mlangoni, akaita 'Mzee.' Nikamwitikia 'Mm,' maana nilikuwa nimebana bisibisi kwa meno. Akaaga, akaenda zake. Nikadhani anatafuta choo."

Binti akachekea puani.

"Sasa kama una neno, liseme," mzee akasema. "Ulimi unao."

Akalisema. Yakatoka yote, hata yale ambayo hakuyapanga. Mzee akamgeukia binti yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Unasemaje?"

"Nasema ndiyo. Mwenyewe nilishamwambia zamani, akawa anakuogopa wewe."

"Basi na mimi nasema ndiyo. Ila huyo mjomba usimtume tena."

Seremala akabaki wima kama nguzo, hajui ashukuru, acheke au aondoke, mpaka mzee alipomsukumia kiti kwa mguu.