Farasi Asiyemtisha Wilmar

Tangu watoke Montevideo, Wilmar alikuwa akiuliza maswali tu. Farasi hulala amesimama? Akikukasirikia, utajuaje? Zulma alimjibu huku akimpa kibuyu cha mate, ile chai chungu ya kwao, mpaka akang'amua kuwa mumewe anaogopa. Mtu aliyeendesha basi la mjini miaka yote ile, akitukanwa bila kukunja uso.

Mapatano yao yalikuwa wazi. Walikuwa wamestaafu, na Zulma alitaka kurudi kuishi kwenye shamba la marehemu baba yake huko Tacuarembó, ambako bila farasi huendi hata kwa jirani. Wilmar alikubali kwa sharti moja: wapate farasi asiyemtisha. Wakimkosa, shamba liuzwe, warudi mjini.

Kwa mzee Fagúndez, muuza farasi, Zulma alimwona wake papo hapo: dume mwekundu mwenye maringo, wa aina aliyoitamani tangu usichana wake. Wilmar naye akaletewa madume watatu. Wa kwanza alipiga chafya, Wilmar akarukia nyuma ya ua. Wa pili alimtazama tu.

"Huyu ana neno na mimi," Wilmar akasema. Wa tatu, Wilmar hakumsogelea kabisa.

Baadaye Zulma alimkuta nyuma ya zizi, amemwegemea farasi wa kijivu, anamsimulia habari za basi lake. Farasi alikuwa amefumba macho.

"Ni huyu," Wilmar akasema.

Mzee Fagúndez akakohoa. "Bwana, huyo ni jike."

"Kwani ana ubaya gani?"

"Ubaya hana. Ila kwetu majike ni wa kuzaa. Mwanamume akipanda jike atachekwa mpaka azikwe."

"Kweli, Zulma?"

"Kweli." Akilini alishamwona kaka yake Olivar, jirani yao wa kwanza, akishika mbavu. Aibu ikampanda usoni kabla hata ya kuchekwa.

Wilmar aliondoa mkono shingoni mwa farasi, naye farasi akaufuata kwa pua. "Basi. Turudi tu nyumbani, mama watoto."

Nyumbani, yaani mjini. Neno hilo lilimchoma Zulma. Alimvuta mzee pembeni wakanong'ona, na mzee akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeshikwa na homa. Zulma hakumwangalia tena yule mwekundu, maana angelia.

Jioni Olivar aliwangoja langoni kwake, juu ya dume lake. Wilmar alifungua tela la farasi nyuma ya gari, akamshusha yule wa kijivu.

"Shemeji," Olivar akasema, "umeuziwa mama mzazi." Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Haya, dada, mtoe wako tuone farasi."

Zulma akamtoa wa kahawia, mwenye paji jeupe. Olivar aliinama akachungulia tumboni, akainuka taratibu. Kicheko kilikuwa kimekatika.

"Na wewe pia? Mtoto wa baba yetu?"

"Dada yake huyo wa kijivu," Zulma akasema. "Hawapendi kutengana."

"Wilaya nzima itawacheka."

Zulma aliweka tandiko, akakaza mkanda, akapanda. Magoti yalimuuma, lakini alikuwa na furaha ambayo hakuitegemea.

"Anza wewe, kaka, ucheke umalize," akasema. "Tutapita hapa kila siku."

Wilmar alikuwa ameshatangulia, anamuuliza farasi wake kitu.