Milango Mifupi

Mlango ulikuwa mfupi mno. Nililijua hilo kabla kaka hajasema, kwa sababu alikuwa amenyanyua nyusi moja kama anavyofanya akiona kitu kilichochorwa ovyo, na tangu ajali nyusi zake zilikuwa hazijanyanyuka kwa ajili ya jambo lolote. Alikaa juu ya marobota ya karatasi, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine alichopewa akishike kidogo. Mimi nilikuwa mezani na rula yake, kalamu yake na mji wake, nikiuharibu.

"Huo ni mji au maboksi ya sabuni?" aliuliza.

Nilitaka kulia kwa furaha, lakini nikajitia hamnazo. Nikachora dirisha jingine, baya kuliko la kwanza.

Shangazi aliyetulea alikuwa na karakana ya uchapaji: kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za ukutani. Katikati ya chumba ilisimama mashine ya kukatia karatasi, na chini yake kikapu cha mabaki, vipande virefu vyeupe ambavyo hakuna mteja aliyevitaka. Watoto wengine walipewa pipi. Sisi tulipewa vile vipande, tukavijaza katuni.

Katuni zenyewe tulianza kuzisoma kwa makosa. Mteja mmoja alileta boksi la manga, zile hadithi ndefu za katuni za Kijapani, ili Shangazi azitie majalada mapya. Hakurudi kuzichukua. Tuliposubiri vya kutosha kuwa na dhamiri safi, tulikifungua kitabu cha kwanza kama tunavyofungua kitabu chochote. Hakuna aliyetuambia kwamba husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na ukurasa wa kuonya watu kama sisi ulikuwa umechanika. Basi tukakisoma chote kinyumenyume. Wafu waliamka, vidonda vikajifunga, na shujaa aliyeanza na nguvu za kutisha akaishia mtoto mdogo anayelilia viatu. Kaka alinieleza, bila hata kupepesa macho, kwamba ule ni ulimwengu ambao wakati wake unarudi nyuma, na siku hiyohiyo akauchorea ramani na kalenda inayoanza na Desemba. Mimi niliona ni hadithi ya kusikitisha kuliko zote, ya mtu anayesahau kila alichojifunza. Tulibishana mpaka Shangazi akachoshwa na kelele, akakitwaa kitabu, akakigeuza mkononi na kuutazama mshono wake.

"Mmeanzia mwisho, wanangu," alisema, akarudi kwenye kadi zake.

Ndani ya boksi lile kulikuwa na hadithi mbili, kila moja ina vitabu vya kujaza rafu, nasi tukagawana kama watu wanavyogawana timu za mpira. Ya kaka ilihusu nchi iliyojengwa kando ya mto unaohamahama. Kila kitabu kilifungua mji mpya, na kila mji ulikuwa na sarafu zake, mahakama zake, hata namna yake ya kuchota maji. Ungeweza kuhamia kule kesho ukajua pa kununua mkate. Lakini shujaa wake! Aliingia kitabu cha kwanza na koti jekundu na mzaha mmoja, akatoka kitabu cha mwisho na koti lilelile na mzaha uleule, kana kwamba vita vyote vile vilimpitia pembeni.

Yangu ilihusu shule ya wapigana fimbo juu ya kilima. Kilima, uwanja na ukuta, basi. Mchoraji hakujihangaisha zaidi. Ila watu wake walikua. Yule mbabe aliyemdhalilisha shujaa mwanzoni alikuja kuwa mwalimu wake, na hukuambiwa alibadilika lini. Ulirudi nyuma kutafuta, ukamkuta kwenye picha ndogo ya pembeni, akimwokotea mwenzake fimbo huku akidhani hakuna anayemwona.

"Sawa," kaka alisema kila mara, "lakini anakaa wapi?"

"Kilimani."

"Chumba gani? Nani anapika? Maji yanapandishwa na nani?"

"Wako ana miji yote hiyo na bado hana akili ya kubadili koti."

Aliniita Machozi, kwa kuwa watu niliowabuni walilia sana. Mimi nilimwita Ramani. Nadhani tulipendana zaidi tukiwa tunagombana kuhusu watu wasiokuwepo.

Tulipokua na kuanza kutunga hadithi yetu wenyewe, kazi ilijigawa. Yeye alichora kuta, madaraja na masoko, mistari yake imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mimi nilichora nyuso. Tulipeleka sura ya kwanza kwa mhariri wa gazeti moja la watoto, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, naye aliisoma mbele yetu bila kutabasamu.

"Mji mzuri," alisema. "Watu wazuri. Ila hawajuani."

Hatukuelewa. Alituwekea kidole kwenye karatasi: watu wangu walisimama mbele ya miji ya kaka kama wageni waliokuja kupigwa picha. Hakuna aliyeegemea ukuta, hakuna aliyejikwaa. Alisema ataipokea hadithi tukimletea sura ya pili ambayo ndani yake wanajuana. Tulitoka pale tukiwa na kazi tusiyojua pa kuishikia.

Kabla hatujaianza, kisu cha mashine kilishuka kaka alipokuwa akinyoosha rundo la karatasi. Daktari aliuokoa mkono. Vidole vyote vilibaki mahali pake, ila vitatu havikumtii tena. Shangazi aliifunika mashine kwa shuka na kuanza kupeleka karatasi zikakatwe kwingine. Kaka akaniachia rula.

"Tafuta mtu mwingine wa kukujengea majumba," alisema.

Baada ya hapo alifagia karakana, alikula alichowekewa, aliitikia salamu. Niliogopa. Niliogopa kwamba Ramani amekwenda zake, na kwamba huyu mpole aliyebaki ndiye nitakayeishi naye mpaka uzee. Nilijaribu kumbembeleza, nikajaribu kumchokoza, nikajaribu hata kuisifia hadithi ya mto. Hakuniuliza mtu yeyote anakaa wapi. Ndipo nikaamua kuujenga ule mji mwenyewe, mbele ya macho yake, nikijua kwamba hakuna kitakachomuuma kama kuona ukijengwa vibaya.

Basi nikachora mlango ule. Sikuufupisha makusudi, wala siwezi kujitapa kwamba nilikuwa na hila ya kiwango hicho. Nilishindwa tu.

"Mtu anaingiaje hapo?" kaka aliuliza.

"Kwa miguu."

Alishuka kwenye marobota. Akaja, akasimama nyuma yangu akihema kama mtu aliyetukanwa, kisha akaninyang'anya kalamu kwa mkono wa kushoto ili anionyeshe. Aliweka nukta, akavuta mstari kuelekea kulia, na kiganja chake kikaburuta wino mbichi kikaacha doa refu jeusi katikati ya mji. Akajaribu tena. Doa jingine. Nilijua kalamu inakwenda kutupwa, na kwamba ikitupwa safari hii haitaokotwa.

Shangazi alikuwa dirishani akikunja kadi. Hakugeuza hata shingo.

"Anzia mwisho, mwanangu."

Kaka aliutazama mkono wake wa kushoto. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, akauhamisha mkono hadi ukingo wa kulia wa karatasi na kuanza kurudi nyuma kuelekea kushoto. Wino ulibaki nyuma ya mkono wake, ukikauka kwa raha zake.

Alimchora mtu akijaribu kuingia kwenye mlango wangu. Alimchora ili kunidhihaki, mtu mwenye mzigo mgongoni, kichwa chini, kiganja kimoja kimeshika kizingiti cha juu. Mstari ulitetemeka. Kaka wa zamani angeuchana ukurasa kwa mstari kama ule. Lakini mtetemo huo uliingia mabegani mwa yule mtu ukawa pumzi. Uso wake hukuuona, na bado ulijua ana haraka, ameukasirikia mlango, na anaona aibu kuinama mbele za watu. Miaka yote nilikuwa nikiwaliza watu wangu, na sikuwahi kumchora hata mmoja aliye hai hivyo.

"Unaona?" kaka alisema. "Hapiti."

"Anapita. Ameinama."

Alisogea karibu, akimtazama yule mtu. Tulimtazama wote. Sauti yake haikuwa na ubishi ndani yake, na swali lilikuwa lilelile la siku zote, ila safari hii alitaka jibu, na alilitaka kutoka kwangu.

"Anakaa wapi huyu?"

Nilichukua rula.

Tangu siku hiyo kuta ni zangu, na watu ni wake. Mistari iliyonyooka haikumrudia, na hanisamehei hata mmoja unaopinda. Mhariri aliipokea sura ya pili, akavua miwani yake akaifuta, na kwake hizo ni sifa. Milango sikuirefusha. Nilitunga sababu: waliojenga mji waliogopa farasi wa maadui, wakaapa kwamba hakuna atakayeingia nyumbani kwa mtu akiwa juu ya farasi. Kaka alifanya yaliyobaki. Tajiri wetu huinamisha kichwa tu, na kofia humwanguka. Mjane hupiga magoti kidogo, kwa mazoea. Shujaa, kijana mwenye kiburi, alijigonga paji la uso sura baada ya sura, na wasomaji walimcheka hadi ikaja sura moja ambayo aliinama, bila neno lolote kuandikwa. Watoto walileta barua nyingi kuhusu picha ile kuliko kuhusu vita vyovyote.

Hadithi bado inaendelea, na vitabu vyake sasa vinajaza rafu. Juzi kaka alinipa ukurasa mpya. Shujaa amekuwa mtu mzima, ameshaingia, na amegeuka. Kiganja chake amekiweka chini ya kizingiti cha juu, pale ambapo zamani alijigonga, ili anayemfuata asiumie. Vidole vyote vitano vimenyooka.

Nilimuuliza kwa nini umekuwa mkono wa kulia.

"Ndio ulioko karibu na mlango," alisema, akanisukumia karatasi nichore ukuta.