Kasoro Mmoja

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, katika ukumbi wa kukodi nyuma ya stendi ya Masasi, wajumbe ishirini na saba wa chama cha watafiti wa lugha za kusini walimaliza chai na mihogo ya kuchemsha, wakaingia kwenye mkutano mkuu. Sabina, mwalimu wa sekondari kutoka Chilangala, alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, makala yake mapajani. Ilihusu maneno ya Kimakonde aliyoyatumia bibi yake kuitaja njaa. Yalikuwa kumi na tisa. Miaka miwili ratiba ilimruka. Mwaka huu jina lake lilikuwepo: saa nane mchana.

Likaanza suala la katiba. Ibara ya tisa ilisema mwenyekiti ataongoza vipindi viwili tu. Dakta Cuthbert alikuwa anamaliza cha nne, na aliomba ibara hiyo ifutwe ili isiendelee kuvunjwa. Wakati wa chai, Mwalimu Alfredi wa Newala, aliyemfundisha Sabina kidato cha pili, alimnong'oneza kwamba safari hii hakubali. Wengine nao walinong'ona hivyo hivyo.

"Wanaoafiki wanyooshe mikono," alisema Dakta Cuthbert, akatangulia kunyoosha wake.

Mikono ishirini na sita ikapanda. Mwalimu Alfredi alinyoosha huku akitazama viatu vyake. Sabina, ambaye tangu utoto huona haya kutazamwa, aliibana yake katikati ya magoti.

"Imepita. Shusheni."

Mikono haikushuka. Waliivuta kwa ile ya kushoto, wakavutana wao kwa wao, haikushuka. Mwenyekiti alisubiri kidogo, akasema ratiba ni ndefu. Katibu Ambrosi alijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, maandishi yakatoka kama nyayo za kuku, kwa hiyo Sabina akaitwa mbele.

"Andika," alisema Ambrosi. "Ibara imefutwa kwa kauli moja."

Sabina aliandika mpaka "imefutwa", kisha akaongeza maneno yake na kuyasoma, kama utaratibu unavyotaka: "Na wote, kasoro mmoja."

"Kasoro ni wewe, binti," alisema Dakta Cuthbert. Watu wakacheka, mikono ikayumba juu yao.

"Ndiyo, Mwenyekiti. Ndiyo maana nimeandika."

"Futa. Saa nane una makala."

Sabina alitazama zile kurasa alizoziacha kwenye kiti cha mwisho. Sauti yake ilitoka ndogo. "Sifuti."

Saa nane alisoma mtu mwingine.

Kwenye basi la Newala wajumbe walisafiri wameinama ili mikono isigonge paa. Zahanati iliwapa dawa ya kuchua. Fundi Hamidu akawashonea mashati yanayofungwa ubavuni. Msimu wa korosho waliokota kwa mkono mmoja, na darasani wanafunzi wa Mwalimu Alfredi walizoea kumuuliza, "Mwalimu, una swali?" Baada ya miezi mitatu hakuna aliyelizungumzia tena.

Mwaka uliofuata mkutano ulifanyika Newala. Jina la Sabina halikuwepo kwenye ratiba, lakini alipelekewa barua ya kuitwa: katika chama kizima, mkono wake tu ndio uliokuwa unaandika vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu," alimwambia Mwalimu Alfredi wakati wa chai.

"Marahaba, mwanangu. Nitilie sukari." Alipokwisha kukorogewa, akainama karibu. "Mwaka huu sinyooshi."

"Umeshanyoosha, Mwalimu."

Alfredi alitazama juu, akanywa chai yake.

Hoja ilikuwa moja: Dakta Cuthbert awe mwenyekiti wa maisha. Alisimama, akaanza, "Wanaoafiki," halafu akaona hakuna haja ya kumaliza.

"Mikono naiona," alisema. "Imepita. Sabina, safari hii andika vizuri. Kwa kauli moja."

Sabina alihisi macho yote usoni pake, masikio yakamchoma, lakini mkono wake ulikuwa mezani, umetulia. Aliandika polepole, wino ukakolea: Wote, kasoro mmoja. Kisha akaliandika jina kamili la huyo mmoja: lake, la baba yake na la babu yake, akasimama, akasoma.