Injini Mpya ya Kobe

Kobe alikuwa gari, lakini mtaa mzima ulimtaja kama mtu. Alikuwa gari la zamani lenye uso bapa na mgongo wa duara, injini ikikaa chini ya viti vya mbele, milango ya nyuma ikifunguka kama kabati. Mwenye gari alikuwa mkunga, na kwa miaka thelathini aliwakimbiza humo wajawazito hospitalini, mvua iwe, jua liwe. Watoto wanne walikosa subira wakazaliwa njiani. Mmoja wao sasa ni mwalimu wa hesabu, na kila akipita huligonga bati la Kobe kwa kiganja, kama mtu anayemsalimu nyanya yake.

Kisha injini ikapasuka ubavu, maji yakachanganyika na oili. Kaka mdogo wa mkunga, fundi wa magari mwenye karakana chini ya mlima, aliinama, akachungulia, akainuka akifuta mikono.

"Dada, hii haina dawa. Na nyingine kama hii haitengenezwi tena duniani."

Neno la fundi yule lilikuwa sheria. Kobe akasukumwa hadi ukutani, akakaa miaka kumi na miwili. Kuku wakafanya makao humo.

Mkunga alikuwa na binti mmoja, naye ni fundi, ila si wa magari. Yeye alitengeneza mashine za kusaga nafaka, na kwa hiyo mafundi wa magari walimwita Fundi Kinu, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli. Siku moja alirudi nyumbani mapema akamkuta mama yake amekaa ndani ya Kobe, kitambaa mkononi, anafuta usukani.

"Mama, unafanya nini humo?"

"Napangusa tu."

Maneno mawili tu, lakini yalimkata maini. Alimwona mama yake akishuka polepole, akishikilia mlango, na akajua kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza.

Haikupita miezi mitatu akapata alichokitafuta. Gari dogo la saluni lilikuwa limegongwa nyuma hadi buti likabusu viti, ila mbele lilikuwa zima kabisa. Alichukua injini pamoja na gia boksi yake, akaipakia kwenye mkokoteni, na kwa adabu akaipitisha kwanza kwa mjomba wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Injini ya Kobe."

Karakana nzima ikacheka. Mjomba hakucheka. Alichukua futi, akapima urefu, akapima kina, akatikisa kichwa.

"Mpwa wangu, nguvu inayo, sikatai. Lakini nafasi iko wapi? Itagonga chini, itagonga mbele. Halafu sikiliza. Kinu kikikataa, watu wanasubiri unga. Gari likikataa mlimani, watu wanasubiri kaburi. Kila mtu na fani yake."

Alijibu, "Nimekusikia, mjomba," akausukuma mkokoteni wake hadi nyumbani. Kusikia si kukubali.

Hakuanza kwa spana. Alianza kwa makatoni. Alikata, akakunja, akagundisha, mpaka akapata injini ya karatasi yenye vipimo vile vile vya ile ya chuma, akaiingiza chini ya viti, akaitoa, akaigeuza, akaiingiza tena. Jirani mmoja alichungulia ukutani akauliza kama sasa magari yanaendeshwa kwa makatoni. "Subiri uone," akamjibu bila kuinua kichwa.

Katoni lilimwonyesha ukweli wa mjomba: bakuli la oili chini ya injini lingegonga mhimili wa mbele. Basi akalikata, akalipunguza kimo, akalipanua ubavuni ili oili isipungue hata kikombe. Alipomaliza kulichomelea alilijaza maji na kuliacha juu ya matofali siku nzima. Mama yake alitoka kulitazama kila saa, akipitisha kidole kwenye mshono, kwa umakini ule ule aliozoea kumtazamia mgonjwa.

"Halivuji," alitangaza jioni. "Huyu tumruhusu."

Mikono ya kuishikilia injini aliitengeneza mwenyewe, akaiwekea mipira minene anayotumia kwenye vinu ili kumeza mtikisiko. Propela, chuma kirefu cha kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa ndefu kupita kiasi, akaipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma ikafupishwa na kusawazishwa. Breki alizibadilisha zote, maana farasi mwenye nguvu anataka hatamu imara. Iliyobaki ni rejeta ya kupoza maji ya injini. Mahali pake pa zamani hapakutosha, akaisogeza mbele kabisa, nyuma ya uso wa Kobe.

Siku ya kuwasha, injini ilikohoa mara mbili. Ya tatu ikashika, ikatulia, ikanguruma kwa sauti ambayo ua ule haukuwahi kuisikia. Mkunga alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka na sabuni mikononi. Fundi Kinu alisimama kando, mikono kiunoni, akashindwa kuficha meno.

Lakini mlima haujui vigelegele. Kesho yake aliupanda na Kobe, na kabla hajafika nusu, sindano ya joto ikaruka juu na mvuke ukafumka puani mwa Kobe. Akageuza, akateremka taratibu akaishia, kwa bahati mbaya kuliko zote, mlangoni mwa karakana ya mjomba. Mafundi wakashika mbavu. Mjomba alileta kopo la maji, akasubiri rejeta ipoe, akamimina yeye mwenyewe.

"Umefika mbali kuliko nilivyodhani," alisema kwa upole. "Sasa basi, mwanangu. Acha."

Kicheko angekivumilia. Upole ule ndio uliomchoma.

Nyumbani alikaa juu ya tairi akiikodolea macho rejeta. Ilikuwa kubwa ya kutosha, feni inazunguka, maji yanatembea. Basi joto linakwama wapi? Aliwasha injini, akashika uzi mwepesi mbele ya rejeta. Uzi haukuvutwa ndani. Ulipepea kando. Akausogeza ukingoni, ukavutwa kwa nguvu hadi ukamponyoka.

Akacheka peke yake. Mambo haya alikuwa ameyaona mara ngapi vinuni! Unga ukiona ufa hauendi mfukoni, unaenda ufani. Upepo nao ni mvivu vile vile: ulikuwa unaizunguka rejeta badala ya kupenya. Akakunja bati akatengeneza boksi kuizunguka rejeta pande zote, akaziba kingo kwa mpira, akatoboa matundu mawili mapana kwenye uso wa Kobe. Kazi ya siku mbili.

Safari ya pili alipakia magunia manane ya mahindi, akamketisha mama yake mbele. "Ukiogopa niambie."

"Nimezalisha mapacha humu taa zimezimika," mama akasema. "Kanyaga mafuta."

Walipopita karakana mjomba alitoka akapunga mkono wasimame. Binti hakusimama, kwa kuwa mlima ulikuwa haujaisha. Kobe alipanda, akazunguka kona ya kwanza, ya pili, akatokea kileleni, na sindano ya joto ilikuwa imetulia katikati kana kwamba imepigwa msumari. Mama alikuwa amemshika bintiye goti, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

Waliporudi chini, mjomba alilala chali barabarani na shati lake safi, akaingia uvunguni. Alikaa huko muda mrefu.

"Mshono huu nani kachomelea?" sauti ikauliza kutoka chini.

"Mimi."

"Na bakuli hili?"

"Mimi, mjomba."

Alitoka, akajifuta vumbi. "Nilipima nafasi," alisema, "sikumpima fundi. Nisamehe."

Wiki iliyofuata walimpeleka Kobe kwenye ukaguzi wa magari, na mjomba alikuja bila kuitwa. Mkaguzi, mtu wa miwani mizito na maneno machache, alimkagua Kobe kwa saa nzima: breki, mikono ya injini, nyaya, moshi. Mwishowe akamgeukia mjomba, aliyefahamiana naye miaka mingi.

"Mzee, mkono wako naujua. Kazi safi."

Ingekuwa rahisi kunyamaza.

"Mkono wangu?" mjomba akapaza sauti hadi foleni nzima ikageuka. "Mimi nilisema haiwezekani, mbele ya mashahidi! Fundi ni yule pale, mtoto wa dada yangu."

Mkaguzi alivua miwani, akamtazama Fundi Kinu, akamsogezea fomu na kalamu. Palikuwa na mstari wa jina la fundi aliyebadilisha injini. Aliandika majina yake matatu kwa herufi kubwa, bila haraka, na kidole gumba chake kikaacha alama nyeusi ya oili pembeni.

"Samahani, nimeichafua. Nijaze nyingine?"

"Hii hii," mkaguzi akasema, akapiga muhuri.

Nje, mkunga alikuwa ameshamkamata mwanamke asiyemjua kabisa, anamweleza habari za bakuli la oili kuanzia mwanzo.