Kumi na Tisa Wasiojulikana Walipo

Mjomba alikuwa amekataa katakata. Saratani ilikuwa kwenye figo ya kushoto, daktari alishapanga kuitoa Jumatatu, naye alisema hapasuliwi.

"Si wewe unayefanya utafiti wa waliopasuliwa figo?" alimwuliza mpwa wake. "Miaka mitano baadaye, wangapi wapo?"

Binti yule hakuwa msemaji, na uongo ulimshinda kabisa. Alijibu kama anayeomba radhi: kati ya themanini, arobaini na nane wako hai, kumi na watatu wamefariki, kumi na tisa hawajulikani walipo.

"Hawajulikani!" Mjomba alicheka kicheko kikavu. "Mwanangu, hao wamelala udongoni. Wajumlishe na wafu, kisha uje unishauri."

Kesho yake binti alijifungia kwenye chumba cha majalada hospitalini na simu ya ofisi. Kazi hii ya kuwapigia simu wale kumi na tisa alikuwa akiikwepa mwezi mzima, kwa kuogopa kutonesha vidonda vya watu. Hata salamu alikuwa ameiandika kwenye karatasi.

Simu ya kwanza ilipokewa na mtoto wa mgonjwa. Mama alifariki mwaka juzi. Binti aliisahau karatasi yake, akatoa pole. Namba ya pili haikupatikana. Ya tatu ilikuwa ya fundi seremala, msumeno ukinguruma nyuma yake.

"Hospitali? Mnataka nini tena, figo ya pili?"

"Hapana, baba. Tulitaka kujua tu... kama upo."

"Nipo! Nani kanizika?"

"Hujarudi kliniki miaka mitatu."

"Nirudie nini na mimi mzima? Figo haikuniua, foleni yenu ndiyo ingenimaliza."

Binti alicheka, na kabla aibu haijamrudia akamweleza fundi habari za Mjomba.

"Mwambie leo nimeshinda juu ya paa la watu, nagongelea mbao," fundi alisema. "Na kupimwa nitakuja, basi, usinililie."

Hadi saa kumi alasiri, wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wamepokea wenyewe, wazima. Watano walikuwa wamefariki. Watatu hakuwapata.

Jioni alimsomea Mjomba yote, bila kuwaficha wale watano. Mjomba alijipapasa ubavu.

"Juu ya paa?"

"Juu ya paa, Mjomba."

"Huko wodini, mtu anaruhusiwa kwenda na mto wake mwenyewe?"

"Hilo sijui," alisema, huku ameshainuka. "Ngoja nipige simu niulize."