Wiki Sita za Mgongo wa Ruthu

Mke wangu Ruthu alikufa kwa uvimbe kwenye uti wa mgongo, nami nawalaumu wakubwa walioandika ule mwongozo wa vipimo.

Tulitoka kijijini Kibakwe, yeye amejikunja kama anapalilia karanga, tukafikia mjini, Miyuji, kwa binti yetu Hilda. Mume wa Hilda akatusaidia. Mdogo wake, Joshua, ni daktari. "Kwa Joshua hamtapanga foleni," akasema. Tukashukuru, hatukufikiri. Kwetu Wagogo, mdogo wa mkwe naye ni mkwe. Ruthu hata kula hakuwahi kula mbele yake.

Joshua hana ubaya. Pale hospitali alituamkia shikamoo, macho chini. Nikaomba picha ya mgongo, ile ya mashine kubwa.

"Baba, mashine ile haipigi picha za harusi," akasema, akacheka kidogo. Akafungua makaratasi. "Mwongozo unasema mgongo ukiuma tu, dawa na mazoezi kwanza, wiki sita. Picha ya mapema mpaka kuwe na dalili za hatari."

Akaanza kuuliza. Umekonda? Hapana. Unapata homa? Hapana. Kisha akakohoa. "Samahani, mama. Mkojo unatoka wenyewe?"

Ruthu akavuta kanga usoni. "Hapana, mkwe."

Nilikuwepo. Shuka la asubuhi ile nililifua mwenyewe, Hilda asione. Nikatazama dirishani. Ningemwaibishaje mke wangu mbele ya mkwe?

Tukapewa vidonge.

Wiki ya nne miguu ikafa. Hilda akamkuta mama yake amelowa, akapiga kelele, tukarudi hospitali mbio. Safari hii alituona daktari mwingine, mama wa makamo aitwaye Tereza. Alipouliza, Ruthu alimjibu yote, hata siku ilipoanza.

"Dada yangu, mbona hukusema? Ungepigwa picha siku ileile!"

"Hakuniuliza mtu wa kuniuliza," Ruthu akasema.

Picha ikapigwa. Uvimbe ulikuwa umeshabana mishipa yote ya fahamu. Siku ya tisa akafa.

Msibani Joshua alikaa mbali na watu. Jioni akanifuata.

"Baba, mimi niliuliza."

"Uliuliza. Na ulikuwa mkwe. Wakubwa zako waliandika maswali yote, hawakuandika nani aulize. Nenda kawaambie."

"Na wewe, baba, hukujua?"

Akaondoka bila kunipa mkono, wala sikumwita arudi.