Sheria ya Nguruwe

Kabla ya kuwa dereva huko Mirdif, mtaa mmoja wa Dubai, Duncan alikuwa mheshimiwa kwao. Aliwakilisha wadi yake kwa muhula mmoja, akapiga marufuku bodaboda kuegesha kwenye lango la hospitali, na uchaguzi uliofuata akabwagwa na mwenyekiti wa bodaboda. Hapo Dubai hakuna aliyelijua hilo.

Kila asubuhi alimpeleka maktaba baba wa madam aliyemwajiri, mzee wa Kimarekani aliyekuwa akiandika maisha ya babu wa babu yake, Hezekia Plumley, mjumbe wa bunge la jimbo la Indiana miaka ya 1850. Njiani mzee alimsomea kurasa zake, atake asitake.

"Alitunga sheria moja tu," mzee alilalamika siku moja kwenye foleni. "Nguruwe wasizurure mjini. Sheria nzuri kabisa! Lakini wakamwangusha. Miaka kumi natafuta sababu."

"Nguruwe walikuwa wa nani, sir?"

"Wa watu wa mjini."

"Na hao watu walikuwa na kura?"

Mzee akatoa kalamu.

Tangu hapo Duncan hakushikika. Plumley alihama chama mara tatu, aibu ambayo mzee alitaka kuificha. Duncan akasema mara tatu ni kidogo. Plumley aliwanywesha wapiga kura pipa la wiski.

"Pipa moja?" Duncan alishtuka. "Wilaya nzima?"

"Wewe umeyajulia wapi haya?"

Duncan akakohoa, kisha akasimulia yote. Mzee alicheka hadi miwani ikamtoka. Duncan akanuna kidogo, halafu naye kikamshinda kicheko.

"Baada ya kushindwa," mzee aliendelea kusoma, "alitoweka miaka minane."

"Hakutoweka, sir. Alikwenda kutafuta kazi mahali asipojulikana."

Mzee akaifuta sentensi ile. "Alirudi, lakini," akasema. "Akagombea tena. Akashinda kwa kura tisa."

Duncan akapitiliza njia ya kuchepukia maktaba.

Jioni alimpigia simu mkewe, Rispah. "Nafikiria kurudi kugombea."

"Basi njoo, mimi nije kuendesha hilo gari. Nililisha watu mia mbili hapa uani, na kura zao hukuziona."

"Lakini wewe si ulinipigia kura?"

"Mtandao unasumbua," Rispah akasema, akakata simu.